Mafuta: Maana na Matumizi ya Istilahi Moja ya Kemia Ogania

Katika ufuo wa Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, neno mafuta husikika tangu alfajiri hadi usiku, wala halitaji kitu kimoja. Mbuta aliyetolewa ziwani ana mafuta. Karai la kukaangia mgongo wazi lina mafuta. Injini ya mashua haiendi bila mafuta. Na karabai zilizovuta omena gizani kwa miaka mingi, kabla ya taa za umeme wa jua kuanza kutumika, ziliwaka kwa mafuta ya taa. Wasemaji hawapotezani. Mwanakemia, hata hivyo, hulitilia shaka neno linalokusanya vitu visivyo na udugu wa karibu, na wapo wanaoona kwamba halifai kuwa istilahi. Shutuma hiyo yastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Ukweli wa kikemia hauna ubishi. Mafuta ya mbuta, kama yale ya nazi na alizeti, kwa sehemu kubwa ni esta: gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta. Ndani yake mna kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mafuta ya taa ni mchanganyiko wa hidrokaboni, nyingi zikiwa na atomu za kaboni 10 hadi 16 hivi, na hidrokaboni hazina oksijeni. Mafuta ya samaki yakichemshwa pamoja na hidroksidi ya sodiamu hutoa sabuni na gliseroli. Mafuta ya taa hayawezi kugeuka sabuni hata yakichemshwa kutwa.

Lakini maana ya neno haikutokana na muundo wa molekuli. Mafuta ni neno la Kibantu, lenye ndugu zake katika maguta ya Kikuyu na amafutha ya Kizulu. Lilikuwapo kabla ya kisima cha kwanza cha petroli kuchimbwa. Mafuta ya taa yalipoletwa, wasemaji waliyatambua kwa sifa walizozijua tayari: huteleza, huwaka, hayachanganyiki na maji. Walipanua maana, na walifanya hivyo kwa mantiki. Waingereza nao hutumia neno moja kwa mafuta ya kupikia na ya kulainishia mitambo, na hakuna anayedai kwamba Kiingereza hakifai kwa sayansi.

Tatizo halisi limo katika sarufi. Mafuta, kama maji na maziwa, ni jina la wingi lisilo na umoja wake wa kawaida. Halihesabiki; hivyo msemaji hutofautisha aina kwa kihusishi -a. Kihusishi hicho kina kazi mbili. Katika mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya samaki, chaonyesha asili. Katika mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka, chaonyesha matumizi. Jina la matumizi halisemi lolote juu ya muundo: mafuta ya nazi nayo huwaka katika taa, wala hayawi hidrokaboni kwa sababu hiyo.

Yaweza kudhaniwa, basi, kwamba jina la asili latosha: kila mafuta yanayoitwa kwa jina la mmea au mnyama ni esta ya gliseroli. Kanuni hiyo huvunjikia Unguja na Pemba. Mafuta ya karafuu hutokana na mmea, lakini sehemu yake kubwa ni yuginoli, ambayo ni aina ya fenoli. Huvukizwa pamoja na mvuke wa maji, nayo hunukia kwa sababu huruka hewani. Kwa hiyo, sarufi ya neno huonyesha kitu kilikotoka au kinachofanyiwa kazi. Muundo wapaswa kutajwa na neno jingine.

Je, dawa ni kuliacha mafuta na kushika lipidi? Hapa shutuma hujirudia yenyewe. Lipidi hukusanywa pamoja hasa kwa sababu haziyeyuki vizuri katika maji, bali katika viyeyushi kama etha na klorofomu. Kundi hilo lina esta za gliseroli, lina nta, na lina kolesteroli ambayo muundo wake ni mbali kabisa na wa mafuta ya mbuta. Yaani neno la kitaalamu limejengwa juu ya sifa ile ile aijuayo mvuvi anaposuuza mikono yake ziwani. Kukopa neno si kosa. Kosa ni kudhani kwamba neno la kukopa ni sahihi kwa kuwa ni geni.

Mkanganyiko wenyewe hauna budi kukubaliwa pale ulipo. Istilahi asidi ya mafuta hutumia mafuta kwa maana finyu bila kutangaza kwamba imeifinya. Mwanafunzi wa Dunga, ambaye shule ya sekondari humfundisha kemia kwa Kiingereza, ana haki ya kuuliza: mafuta yapi? Suala hilo si la darasani tu. Bomba lililofika Kisumu mwaka 1994 huitwa bomba la mafuta, na hakuna anayelidhania kuwa la mafuta ya kula. Lakini onyo lisemalo tu kwamba mafuta yamemwagika ziwani halimwambii mchuuzi kama ni uchafu wa makarai au ni dizeli, na hatua za kuchukuliwa hutofautiana. Kwa kuwa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya, onyo la namna hiyo lapaswa kueleweka.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikwisha kuthibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuibeba sayansi. Kilichobaki ni mgawanyo wa kazi. Mafuta libaki jina la jumla, kwa sifa zinazoonekana na kuguswa. Esta, hidrokaboni na fenoli zitaje muundo. Na kila istilahi inayoifinya maana ya mafuta itamke hivyo katika fasili yake. Kwa njia hiyo mwanakemia atapata usahihi autakao, na Dunga haitapokonywa neno lake.