Imekwama, au Inajigeuza?

Usiku wa kwanza nililala saa nane, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, na nikiambiwa nirudie leo, narudia. Ncha za vidole zinawaka kama za mtu aliyemenya vitunguu saumu vya shughuli nzima. Meza ya chakula haionekani kwa vifuko vilivyochanwa. Na katikati ya vurugu hiyo amesimama Optimus Prime, roboti ya Lego, sentimita 35 kutoka unyayo hadi antena, mwekundu kifuani, buluu miguuni, na mimi namzunguka kama mnunuzi wa gari la mkononi anayeogopa kuuliza bei.

Vipande 1,508! Vyote vimepita katika vidole hivi.

Ni seti namba 10302, iliyotoka Juni 2022, kwa hiyo wapenzi wa Ulaya na Marekani wameshaizoea na kwa wengine imeshajaa vumbi. Kwangu mimi bado ni habari mpya. Shemeji yangu kaitoa safarini ndani ya sanduku lake, boksi limebonyea, vifuko vimechomekwa katikati ya mashuka. “Shem, midoli yako imenilia mzigo wote,” akaniambia mlangoni kabla hata hajakaa. Mama akalichukua boksi, akaligeuza huku na huku. “Na umri huo, mwanangu?” Nikamwonyesha pembeni palipoandikwa 18+. “Mama, hii watoto hawaruhusiwi.” Akauliza kama roboti hiyo inaosha vyombo.

Haioshi. Lakini inageuka! Hapo ndipo nilipopiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Nieleze polepole, maana hata mimi mwenyewe bado mkono unatetemeka. Kichwa kinazama mwilini. Mikono inakunjwa na kujibana, ngumi zikipotea ndani. Miguu inasukumwa pamoja hadi inakuwa fremu ya nyuma ya lori, na yale magurudumu manne uliyodhani ni mapambo ya mashavu ya miguu yanashuka na kukanyaga meza. Mawili ya mbele yalikuwa ubavuni mwake muda wote, yanakusubiri. Vile vioo viwili vya kifuani, ambavyo sasa hivi vilikuwa kifua cha shujaa, ni kioo cha mbele cha dereva. Una kichwa cha semitrela, urefu sentimita 27. Mwilini mwake hujabandua kitu. Unamrudisha, anasimama. Unamkunja tena. Chai imepoa, hujali.

Mara ya kwanza nilihangaika dakika nyingi kitabu kikiwa wazi, na paneli mbili zikanibaki mkononi kwa sababu nilivuta nilipotakiwa kuzungusha. Mara ya kumi nilikuwa nafanya huku naangalia mpira.

Kwa nini ushangiliaji wote huu? Roboti hizi za kujigeuza, Transformers, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1984, Hasbro walipochukua midoli ya Takara wa Japani kutoka mfululizo wa Diaclone na Micro Change, wakaipa majina na hadithi moja. Optimus mwenyewe alikuwa mdoli wa Diaclone kabla hajapewa jina hilo. Lakini ile ilikuwa midoli ya kiwandani: kila bawaba imechongwa kwa kazi yake, skrubu imekazwa, kuna chuma ndani. Kuifanya kwa vitofali ni ugomvi mwingine kabisa. Kitofali kimeumbwa kishike kisiachie. Kile cha 1958 bado kinanasa kwenye cha mwaka huu. Roboti ya kujigeuza inataka kinyume chake, ilegee hapa, ikaze pale, na kesho mambo yabadilishane.

Ndiyo maana mwaka 2011, Hasbro walipotoa vitofali vyao vya Kre-O vyenye wahusika hawa hawa, ulichofanya ni kujenga gari, kulibomoa, halafu kujenga roboti kwa vipande vile vile. Samahani, huko si kujigeuza. Huko ni kuhama nyumba. Wakati huo mafundi wa mitaani wa Lego, watu wazima wenye kazi zao za mchana, walikuwa wameshaanza kujenga za kwao zinazokunjika kweli bila kubomolewa. Seti ya 2022 imelifikisha dukani jambo ambalo wapenzi walikuwa wakilifanya sebuleni.

Na sebuleni ndiko ninakotaka kukupeleka, kwa sababu Optimus ni mlango tu. Baada ya kumgeuza mara ya ishirini nilijua nisingelala mpaka nijenge wa kwangu.

Nikachagua bajaji.

Usicheke. Lori lina magurudumu sita, jozi jozi, na mwili wa binadamu una jozi jozi vilevile: miguu miwili, mikono miwili, kila kitu kinagawanyika. Bajaji ina matatu. Lile la mbele linakwenda wapi? Nilikaa na swali hilo wiki mbili. Nikalijaribu kuwa kichwa, akawa kama kiumbe cha kutisha watoto. Nikalijaribu kuwa ngao, likawa dogo kama kifuniko cha soda. Mwishowe nikalitundika kwenye mkono wa bawaba unaopita chini ya tumbo na kutokezea mgongoni, likakaa pale kama gurudumu la akiba. Nilipolisukuma na likapita bila kukwaruza chochote, nilisimama nikazunguka chumba.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo mtu akishaijua hawezi tena kukiangalia kitofali kwa macho ya zamani. Kati ya kinundu kimoja na kinachofuata ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na kile kipande bapa ni theluthi yake, milimita 3.2. Basi vipande bapa vitano vikipangwa juu ya juu vinafika milimita 16, yaani upana wa vinundu viwili kamili. Ukilaza kitofali ubavu, kinaoana! Siri yote ya kujenga kwa ubavu iko hapo, na bila kujenga kwa ubavu huna roboti, una mnara wenye mikono. Mlango wa bajaji yangu (najua bajaji nyingi hazina mlango, yangu ni ya kiserikali) umelala ubavu, vipande bapa vitano kwa upana wa vinundu viwili, na ukifungwa huoni hata nafasi ya kupitisha wembe.

Viungo ndivyo vinavyotoa jasho. Ziko gololi ndogo, zile zilizokuja na seti za Mixels mwaka 2014, na ziko bawaba za meno. Gololi inazunguka kila upande, inampa roboti mkao wa mtu aliye hai, bega limeinama kidogo, kichwa kimepinda kama anakusikiliza. Tatizo lake ni uchovu. Mpe mzigo mkubwa na kesho asubuhi utamkuta ameketi. Bawaba ya meno haichoki, inasema *trr* na kushika hapo hapo, ila inakwenda kwa hatua za nyuzi 22.5. Goti lako ama limepinda kidogo mno au limepinda mno, la katikati halipo. Bajaji yangu ina meno nyongani na magotini, gololi mabegani na shingoni, na nyuma ya kisigino nimeongeza kipande kimoja bapa kwa sababu ilikuwa inaanguka chali kila feni ilipowashwa. Kipande kimoja! Milimita 3.2!

Kwa wanaotaka kujaribu bila kununua gunia la vitofali: ipo programu ya bure ya Studio, unajenga kwenye kompyuta kwanza. Ni ya BrickLink, soko la vipande lililoanza mwaka 2000 na ambalo Lego wenyewe walilinunua 2019. Nilichora bajaji yote humo. Ila kompyuta haijui uchovu wa gololi, na kule kwenye skrini roboti yangu ilisimama wima kama askari wa gwaride. Mezani ilikuwa mlevi. Chora, sawa, lakini jenga nyonga kwanza kwa vipande halisi, rangi yoyote, hata ya waridi, uone kama inabeba.

Rangi, kwa njia, ndiyo gharama iliyofichika. Bajaji yangu nilitaka iwe ya kijani. Kijani nilichonacho kiliishia kiunoni. Kwa hiyo ina kiuno cha kijani, mgongo wa manjano na mguu mmoja wa kahawia, na nimeamua kusema hadharani kwamba ilipata ajali na fundi alitumia bodi ya mwenzake. Mtu yeyote anayeishi mjini ataamini.

Sasa kuonyesha. Huko Denmark, nchi ya Lego yenyewe, wapenzi hukutana Skærbæk kila mwaka. Chicago wana Brickworld. Meza ndefu, kazi za mtu mzima za mwaka mzima, na watu wanapita mbele yake wakiangalia. Na hapo roboti ya kujigeuza inapata aibu ambayo ngome na meli haziipati. Ngome ukiiona umeiona. Roboti hii ukiiweka imesimama, mtazamaji anaona roboti ya Lego, anasema nzuri, anapita. Ukiiweka ikiwa gari, anaona gari lenye mistari mingi kuliko kawaida. Ufundi wenyewe hauonekani kokote! Kuna wanaojenga mbili za aina moja, wakaweka gari huku na roboti huku. Ni heshima, lakini ni kama kuonyeshwa yai na kuku ukaambiwa fikiria mwenyewe.

Nimebishana na nafsi yangu siku tatu na uamuzi wangu ni huu: naiweka nusu njia. Kichwa kimetoka hadi puani, mguu mmoja umeshakuwa mguu na mwingine bado ni bodi, gurudumu la mbele limening'inia tumboni katikati ya safari yake. Optimus naye hivyo hivyo, kifua juu, miguu bado lori. Watu wa mkao wa kishujaa watanichukia. Sawa. Kwangu zile sekunde chache za katikati ndizo nilizolipia, na ndizo zilizonikesha. Ukiona gurudumu limening'inia pale unajiuliza linaenda wapi, na ukishajiuliza umenasa.

Kuna shida zake. Mkao wa nusu njia hauna mizani, maana roboti imejengwa isimame ama ikae, haikujengwa kusitasita. Nimeiwekea fimbo ya plastiki angavu kiunoni. Kabati ni la kioo, limefungwa, kwa sababu vumbi letu halina huruma na likishaingia kati ya meno ya bawaba ile *trr* inakuwa *krr*. Na dirishani hapana, hata kama mwanga wake wa jioni unapendeza kiasi gani. Jua linageuza vitofali vyeupe kuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Je, Optimus ana kasoro? Hana tela. Roboti iliyozaliwa ikivuta tela imekuja bila tela, na mimi niliyekulia kando ya barabara kuu ya malori nililiona hilo kabla sijafungua kifuko cha kwanza. Pia ngumi zake ni za mraba mno. Lakini fungua kifua, ndani kuna chumba, na ndani ya chumba kuna ile Matrix yake ya kwenye hadithi, kidubwasha unachokitoa kwa kucha mbili. Nilikitoa, nikakirudisha, nikafunga kifua taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Tela nitajenga mwenyewe. Tayari nimeanza kukusanya kijivu.

Jana jioni mpwa wangu, miaka sita, alikuja na mama yake. Akaweka pua kwenye kioo cha kabati, kikapata ukungu.

“Shikamoo, mjomba. Hii imekwama?”

“Marahaba. Haijakwama, inajigeuza.”

Akangoja. Akangoja kweli, mikono nyuma, akiitazama bajaji ile bila kupepesa. Ukungu ukakauka kwenye kioo, akaupulizia tena.

“Mbona haimalizi?”

Nikafungua kabati. Sheria niliyoiweka mwenyewe asubuhi, mtu asiguse, niliivunja kabla ya magharibi. Nikatoa fimbo ya kiunoni, nikamwonyesha pa kushika, na kidole chake kidogo kikalisukuma gurudumu la mbele, likapita chini ya tumbo, *trr*, *trr*, likatokezea mgongoni. Mguu wa kahawia ukashuka. Kichwa kikatoka chote. Akaisimamisha mezani kando ya sahani ya maandazi na kurudi nyuma hatua moja.

“Mjomba, huyu ni konda. Ameshuka kuita abiria.”

Nikamwambia bajaji haina konda.

“Ndiyo,” akasema, akiwa ameshaanza kumkunja upya bila kuniuliza, “kwa sababu anajificha ndani.”