Juu ya Kupiga Chapa Daftari za Vita Walizotuachia Wazee

Hapa Kighare nimeonyeshwa daftari kongwe ya mzee mmoja aliyechukuliwa mpagazi katika vita ya 1914 hata 1918. Kwamba aliweza kuandika si ajabu. Wamisheni wa Leipzig walikuwa wamefungua kituo cha Shighatini tangu mwaka 1900, na baadhi ya vijana waliojifunza kusoma katika siku zile walikuwa watu wazima Waingereza waliposhuka kutoka Kahe wakiifuata reli ya Tanga, wakaingia Same mwezi Mei 1916. Sasa wajukuu wataka daftari ipigwe chapa, nao wameniuliza mchapaji ni nani. Nami nawauliza neno lililo mbele ya hilo: ni kitu gani kitakachopigwa chapa? Maana maandiko ya namna hii, nionavyo, hupata mchapaji mara nyingi kwa kugeuzwa kuwa kitu kingine.

Tumtazame Martin Kayamba, Mbondei. Safari yake ya Uingereza ya mwaka 1931 aliiandika kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Sheldon Press mwaka 1932. Lakini habari za kifungo alichofungwa na Wadachi wakati wa vita twazisoma kwa Kiingereza, katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi kilichokusanywa na Margery Perham mwaka 1936. Kiingereza chake ni kizuri, wala simlaumu. Ila mtu akiisha kuvisoma vyote viwili huona kwamba katika kile cha kwanza Kayamba azungumza na wenziwe, na katika cha pili ajieleza mbele ya wageni. Matembezi ya London tulisimuliwa sisi. Taabu ya gerezani wakasimuliwa wengine.

Mfano wa Kleist Sykes ni wa karibu zaidi na swali letu. Alizaliwa Pangani mwaka 1894, akawa askari wa Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929. Alifariki mwaka 1949, akaacha maandiko ya maisha yake. Mjukuu wake, Aisha Daisy Sykes, aliyatumia kuandika sura katika kitabu cha maisha ya Watanzania alichokihariri John Iliffe, kilichotolewa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1973. Sura hiyo ni njema, na pasipo yeye wengi wetu tusingalijua kwamba maandiko hayo yalikuwako. Lakini ni kazi ya mjukuu, tena kwa Kiingereza. Yeye ndiye achaguaye na kupanga, wala msomaji hawezi kujua ni wapi babu aliandika neno moja tu na wapi alijaza kurasa. Jemadari wake alichapishiwa kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1920, miaka miwili tu baada ya vita, kwa maneno yake mwenyewe. Askari alingoja zaidi ya miaka hamsini, tena akapata msemaji.

Mtu atasema kwamba mwandishi mkubwa hapati taabu hizi. Utenzi wa Shaaban Robert juu ya vita ya 1939 hata 1945 ulitolewa mwaka 1967, naye amekwisha kufariki tangu 1962. Mfano nitakao kuufuata, hata hivyo, ni zile barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, za mwaka 1931 hata 1958. Nduguye alizihifadhi, M. M. Mulokozi akazihariri, na TUKI ikazitoa mwaka 2002. Si daftari ya vita, ingawa miaka ya vita imo. Lakini zimetolewa kuwa barua, kwa Kiswahili chake, wala hazikufanywa hadithi. Mhariri amesimama kando, naye mwenye maneno akaachiwa nafasi.

Sasa nirudi kwenye daftari ya Kighare. Ni ndogo, wino umefifia. Nakala waliyoipiga wajukuu kwa kompyuta ni nene kupita asili yake. Mahali mzee alipoandika kwamba mvua ilinyesha na mzigo ukalowa, wao wameweka ukurasa mzima wa radi na machozi. Neno Wadachi limefanywa Wajerumani kila mahali. Maneno ya Chasu yameondolewa, yakatiwa Kiswahili cha magazeti, kana kwamba mzee alikuwa mwandishi wa habari na si Mpare aliyebeba mzigo. Haya yote yaweza kutengenezwa kwa siku chache. Lakini kuna ukurasa mmoja usiokuwamo kabisa katika nakala: ule ambamo mzee asema aliwaongoza askari mpaka zizi la jirani yake, wakachukua mbuzi wote.

Mkubwa wa wajukuu, mtu anayenizidi umri, aliniambia, "Mwalimu, jirani yule naye ana wajukuu, na Jumapili twakaa nao benchi moja." Sikuweza kulidharau neno lake. Nilimshauri jina la jirani lifichwe kwa herufi moja, na jambo lile lielezwe wazi katika utangulizi, bali mbuzi wabaki. Mpagazi asiyemkosea mtu yeyote katika vita ile, ambayo wenziwe walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, simwamini sana. Na mchapaji mwenye akili hatamwamini. Nilimwambia pia kwamba tarehe zilinganishwe na vitabu vya ubatizo, na kwamba gazeti la elimu kama hili laweza kuitoa daftari yote kwa sehemu, kabla ya kutafuta fedha za kitabu.

Alisema atafikiri. Ameniachia daftari nimalize kuinakili, lakini ule ukurasa wa mbuzi ameufunga kwa pini.