Ufundi wa Kujua Kinachotosha

Mitihani mingi ya hisabati humtaka mtahiniwa atafute jibu. GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara ulioanza kufanywa Marekani mwaka 1954, una aina moja ya swali isiyodai jibu lenyewe. Unapewa swali na chini yake kauli mbili, kisha unaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kulijibu. Ukiwa na hakika kwamba zinatosha, kazi imekwisha. Aliyekokotoa mpaka tarakimu ya mwisho haongezewi alama, ila amepoteza muda.

Machaguo ni matano na hayabadiliki. Kauli ya kwanza inatosha peke yake. Ya pili inatosha peke yake. Zinatosha zikiunganishwa tu. Kila moja inatosha peke yake. Au hata zikiunganishwa hazitoshi. Nayapenda maswali haya, hasa ya asilimia na uwiano, kwa kuwa hisabati yake ni ya darasani tulikopita sote, lakini yanadai utulivu ambao wengi hatukufundishwa.

Chukua hili: ni asilimia ngapi ya wafanyakazi wa kampuni ni wanawake? Kauli ya kwanza inasema uwiano wa wanawake kwa wanaume ni 2 kwa 3. Ya pili inasema wanaume ni 60. Anayeanza huzishika zote mbili: wanaume 60, basi wanawake 40, jumla 100, jibu asilimia 40. Hesabu yake haina kasoro, lakini chaguo lake si sahihi. Kauli ya kwanza ilikwisha kusema kwamba katika kila mafungu matano ya wafanyakazi, mawili ni ya wanawake. Kampuni iwe na watu 5 au 5,000, asilimia ni ileile. Wale wanaume 60 wamewekwa pale ili kumnasa mwenye haraka. Mjuzi huanza kwa kujiuliza swali linadai nini: la asilimia huridhika na uwiano, na la idadi kwa kawaida hudai pia idadi fulani ya kushika.

Nasema kwa kawaida, maana watunzi wa mtihani wanaijua kanuni hiyo na wanajua pa kuipindia. Darasa lina wavulana na wasichana kwa uwiano wa 3 kwa 4. Wanafunzi ni wangapi? Kauli ya kwanza: ni zaidi ya 30 na chini ya 40. Inaonekana imelegea mno kutoa jibu moja. Lakini wanafunzi hawagawanyiki vipande, kwa hiyo jumla yao lazima igawanyike kwa 7, na kati ya 30 na 40 namba ya namna hiyo ni 35 tu. Inatosha. Kauli ya pili: wasichana wanawazidi wavulana kwa 5. Tofauti yao ni fungu moja, basi kila fungu ni watu 5, na mafungu saba ni 35. Nayo inatosha peke yake. Sasa badilisha kauli ya kwanza kidogo, useme zaidi ya 30 na chini ya 45. Papo hapo 42 inaingia, majibu yanakuwa mawili, na kauli inaanguka. Ni tarakimu moja tu iliyobadilishwa. Hapo ndipo ninapouheshimu mkono wa mtunzi.

Asilimia nazo zina uzuri wake. Bei ya bidhaa ilipanda kwa asilimia fulani, kisha ikashuka kwa asilimia fulani. Je, imerudi pale ilipoanza? Kauli ya kwanza: asilimia hizo mbili ni sawa. Hatujui kama ni 10 au 30, wala hatuhitaji kujua. Kushuka kumehesabiwa juu ya bei iliyokwisha kupanda, hivyo kilichopunguzwa ni kikubwa kuliko kilichoongezwa. Bei haikurudi. Jibu ni hapana, na hapana isiyo na shaka inatosha sawasawa na ndiyo. Kauli ya pili: asilimia ya kupanda ni kubwa kuliko ya kushuka. Hapa mjuzi hutafuta mifano miwili inayopingana. Panda 25, shuka 20: 100 inakuwa 125, kisha inarudi 100. Panda 60, shuka 50: 100 inakuwa 160, kisha 80. Mmoja unasema ndiyo, mwingine hapana, basi kauli haitoshi. Mifano miwili iliyochaguliwa vizuri inamaliza kazi ambayo ukurasa mzima wa aljebra ungeifanya kwa taabu.

Katika toleo la mtihani lililoanza Novemba 2023, maswali haya yamo katika sehemu ya kuchambua data, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Hata hivyo, katika mifano yote hapo juu hakuna mahali ambapo kingekusaidia. Kazi ilikuwa kusoma kila kauli peke yake, kuisahau ya kwanza unapoisoma ya pili, na kuziunganisha pale tu kila moja ikishindwa.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa mtihani huu, usipimie mazoezi yako kwa wingi wa maswali uliyoyakokotoa. Chukua machache, na kabla ya kuchagua jibu andika kwa sentensi moja kwa nini kauli inatosha, au andika mifano miwili inayoonyesha kwamba haitoshi. Ukishindwa kuandika hivyo, bado hujajua, hata kama chaguo lako limetokea kuwa sahihi.