Heko kwa Wanaoifuata Ngoma Kijijini

Hongera kwa Ketebul Music ya Nairobi, studio aliyoiasisi Tabu Osusa mwaka 2007. Hawasubiri wazee wa ngoma za asili waje mjini. Hubeba vinasa sauti na kamera, na kuwarekodi kwao, wachezaji wakiwepo. Kwa ngoma, hilo ni jambo kubwa. Mpiga nyatiti wa Kiluo hucharaza nyuzi 8, huku pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala na njuga zikilia mguuni. Ukinasa nyuzi peke yake, umeacha nusu ya mdundo. Pia walisaidia kuwarudishia Wakipsigis nyimbo alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950. Kurudisha huko ndiko kunakonigusa zaidi. Wenye uwezo, wasaidieni, wazee wangali hai.