Kamba wa Unguja, Kutoka Mikokoni hadi Kwenye Tui

Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, na kisiwa hakina mto mkubwa wa kumwaga tope na maji baridi baharini kama Rufiji inavyofanya upande wa bara. Kwa hiyo kamba, ambaye utotoni hupendelea maji yaliyopungua chumvi na tope laini la kujifukia, hakutapakaa pwani nzima, bali amejikusanya katika ghuba chache zenye mikoko. Kubwa kati ya hizo ni Ghuba ya Chwaka, mashariki ya kisiwa, ambako msitu wa mikoko ulio mpana kuliko yote ya Unguja umefunika upande wa kusini, na sehemu yake iko ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004.

Mzunguko wa maisha ya mnyama huyu ndio unaoeleza jinsi anavyovuliwa. Kamba wakubwa wa jamii ya Penaeus hutaga katika maji ya kina. Viluwiluwi vyao huchukuliwa na mkondo, hubadilika umbo mara kadhaa, kisha huingia kwenye vijito vya mikoko wakiwa na urefu wa takriban sentimita moja, na humo hukaa miezi michache wakila na kukua kabla ya kurudi kwenye kina kutaga. Kwa kuwa mchana wengi wao hujifukia na usiku hutoka, na kwa kuwa maji yakipwa hulazimika kuacha mizizi na kufuata mkondo wa kijito, mvuvi anayeijua ghuba hasumbuki kuwatafuta, bali huwangojea pale watakapopita. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, mkondo huo huwa na nguvu zaidi, na kimia, ambacho ni wavu wa duara wenye vipande vya risasi ukingoni, hutupwa kikiwa kimefunguka chote, kikazama kabla kamba hawajatawanyika, kisha kikajifunga chini kinapovutwa.

Kutanda ni njia nyingine, ambapo watu wawili, mara nyingi wanawake, hushika ncha za kitambaa chepesi au chandarua na kukikokota kwenye maji ya magotini. Njia hii inafaa kwa uduvi, kamba wadogo mno ambao hawakui zaidi ya hapo na ambao huanikwa juani, lakini ikifanywa ndani ya vijito vya mikoko huzoa pia watoto wa kamba wakubwa, kwa kuwa kitambaa hakichagui. Kupungua kwa kamba si jambo la kufikirika: upande wa bara, mavuno ya meli zilizowavua kwa kukokota nyavu yalipungua hadi serikali ikazisimamisha kuanzia mwaka 2008. Ghuba ya Chwaka ni ndogo mno kulinganisha na delta ya Rufiji, na haiwezi kustahimili hasara ya namna hiyo.

Kamba akishatoka majini, muda huanza kufanya kazi dhidi ya mpishi. Ndani ya kichwa chake mna kiungo kinachofanya kazi ya ini na kongosho kwa pamoja, kilichojaa vimeng'enya, yaani kemikali za kusagia chakula. Mnyama akifa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuanza kuisaga nyama yake mwenyewe kuanzia shingoni, hali inayofanya kamba wa jioni awe laini kama uji pale ambapo wa asubuhi alikuwa mkakamavu. Barafu huchelewesha jambo hilo lakini hailizuii. Kwa hiyo mnunuzi wa soko la Darajani hutazama maungio ya kichwa na mwili: yakiwa yamekaza na hayajaanza kuwa meusi, kamba ni mpya, kichwa kikining'inia, bei yoyote ni ghali.

Mchuzi wa kamba wa nazi, jinsi unavyopikwa Unguja, una mpangilio unaoafikiana na maumbile ya nyama hii. Nazi ikishakunwa, kasimile, yaani tui zito la kwanza, hutengwa, na machicha hukamuliwa tena kupata tui jepesi. Kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya na bizari huchemshwa katika tui jepesi mpaka viive na mchuzi upungue, na kamba, aliyepakwa chumvi na ndimu kwa dakika chache tu kwa sababu tindikali huikaza nyama kabla ya moto, hutiwa baada ya hapo. Nyuzi za nyama yake huanza kukaza kwenye takriban nyuzi 50 za Selsiasi, na kadiri joto linavyokaribia 70 maji hukamuliwa nje. Wakati huohuo rangi nyekundu iliyokuwa imefungwa na protini ya gamba hufunguliwa, hivyo wekundu ni dalili kwamba wakati wa kuepua umekaribia. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka, kwani likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Kamba aliyetiwa mwanzo pamoja na nyanya, na vivyo hivyo kamba wa mshikaki aliyeivishwa mapema kisha akarudishwa juu ya makaa mteja anapofika kwenye soko la usiku la Forodhani, huwa amekwisha kupoteza maji yake, na hakuna kiungo kinachoweza kuyarudisha.

Kosa linalostahili kusemwa waziwazi ni kutupa vichwa. Kiungo kilekile cha kichwani kinachoharibu nyama ndicho kinachobeba ladha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na kikichemshwa kikiwa kipya, pamoja na magamba, kwa dakika 20 hivi, joto huviua vimeng'enya na ladha ikabaki kwenye maji. Maji hayo yakichujwa vizuri ndiyo yapikiwe pilau ya kamba badala ya maji matupu. Jiko la Mji Mkongwe linalotupa vichwa linatupa nusu bora ya kitu kilicholipiwa.