Programu Huria na Namba Zenye Mwenyewe

Msomaji, uingiapo katika maktaba hapa Kisumu, yaelekea utaona mgongoni mwa kila kitabu kijikaratasi chenye namba. Labda hukupata kuuliza namba hizo zimetoka wapi, wala ni mali ya nani. Mimi nami sikuuliza, mpaka nilipopewa kazi ya kupanga vitabu vya chuo kimoja cha ualimu kando ya Ziwa Viktoria.

Mpango huo ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey, akauchapisha mwaka 1876. Aligawa elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu katika mengine kumi. Baada ya tarakimu tatu huwekwa nukta, na tarakimu zifuatazo huzidi kuchambua. Hivyo fasihi ya Kiingereza ni 820, uvuvi ni 639.2, na lugha ya Kiswahili ni 496.392. Ni kazi ya akili kubwa, nami siidharau. Lakini tangu mwaka 1988 ni mali ya shirika la Marekani liitwalo OCLC, nalo hutoza ada ya kila mwaka kwa atakaye majedwali yake mapya. Hata jina la Dewey lina mwenyewe: mwaka 2003 shirika hilo liliishtaki hoteli moja ya New York iliyozipanga ghorofa zake kwa mtindo huo, na shauri likaisha kwa mapatano.

Kwa upande wa pili iko programu ya kompyuta iitwayo Koha, iliyobuniwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, ikatolewa kwa watu wote mwaka uliofuata. Jina hilo ni la Kimaori, maana yake zawadi. Ye yote aweza kuichukua, kuchungua jinsi ilivyoundwa, kuigeuza, na kumpa jirani yake. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vimeitumia. Chuo chetu nacho kikafuata.

Koha hujua kuzipanga namba za Dewey, ndogo kabla ya kubwa, lakini haijui maana yake. Majedwali ya maana hayamo, kwa kuwa walioiunda hawana haki ya kuyagawa. Ni kama kupewa mashua bure, kisha ukaambiwa kasia hukodishwa.

Watu husema: si neno, nakili namba kwa maktaba kubwa. Kweli, Koha huweza kuleta maelezo ya kitabu kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, mara nyingi pamoja na namba yake. Nilifanya hivyo kwa vitabu vya kemia na tamthilia za Shakespeare, nikajiona fundi. Kisha nikafungua sanduku la vitabu vya kwetu: vijitabu vya Kidholuo, historia za koo, taarifa za wavuvi, mashairi yaliyopigwa chapa kwa fedha ya mtunzi mwenyewe. Karibu vyote havikuwamo katika orodha yo yote ya ng'ambo. Hii ndiyo lawama yangu kubwa: ufunguo twaukosa pale pale tunapouhitaji. Kitabu cha mgeni huja kimevaa. Chetu hukaa uchi mlangoni.

Tazama vitabu vya Grace Ogot, binti wa Nyanza. The Promised Land ilitoka mwaka 1966 kwa Kiingereza. Miaha ikatoka mwaka 1983 kwa Kidholuo. Dewey hupanga fasihi kwa lugha, basi ya kwanza huenda 823 na ya pili 896.5: mwandishi mmoja, rafu mbili zilizo mbali. Tena Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kitaliano, Kihispania, Kilatini na Kiyunani kila moja ina kumi lake, na karibu lugha zote zilizobaki, hata Kiarabu na Kichina, zimesongamana katika 490, na fasihi zake katika 890. Majedwali tuliyokuwa nayo yalikuwa nakala ya nakala, na kurasa za fasihi ya Afrika zilikuwa zimeng'oka. Nikaandika 896 tu, nikachanganya Kidholuo, Kiswahili na Kizulu. Siku moja mwanachuo alikuja kutafuta Miaha. Kompyuta ilisema kipo. Tulipekua rafu mpaka kengele ya chakula ikalia, akaondoka mikono mitupu.

Sisemi wahariri wa majedwali wasilipwe, maana elimu mpya huzaliwa kila mwaka na lazima ipewe mahali. Toleo la 1876 liko huru, lakini halijui kompyuta wala Kenya. Mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani husomwa bure, ila ulitungwa kwa mahitaji ya maktaba hiyo. Muhtasari wa mpango wa UDC nao uko wazi, ingawa ni muhtasari tu.

Namba ya 896.5 niliipata baadaye katika orodha ya chuo kikuu kimoja, nikaibandika kwa mkono wangu. Vijitabu vingine nimevitungia namba zangu, nazo zimo katika daftari mezani pangu. Mkutubi wa Siaya au Homa Bay hawezi kuzielewa, na mimi sizielewi zake.