Kitunguu Saumu Chini ya Ngozi

Bata mzinga mzima ni mtihani. Mapaja yake yametembea tangu alipoanguliwa. Ni mekundu, yana kano nyingi, na hayalainiki vizuri mpaka nyama ifike nyuzijoto 80 za Selsiasi. Kidari hakina mafuta, kazi yake ilikuwa ndogo, na kikivuka 70 kinaanza kukauka. Yote haya yamo katika mwili mmoja na yanaingia motoni pamoja. Anayempika bila kumkatakata amejitwika kazi ya usuluhishi, na mimi nawavulia kofia hasa wapishi wa Puerto Rico, wanaoumaliza ugomvi huo kabla oveni haijawashwa.

Kisiwa chao kilitwaliwa na Marekani kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ikafuata bendera, na bata mzinga akafuata sikukuu. Lakini watu wa Puerto Rico walikuwa tayari na chakula chao cha karamu: nguruwe mzima wa kuchoma, lechón, aliyekolezwa kitunguu saumu na oregano. Wakampokea ndege, wakamtia viungo vya nguruwe. Ndiye huyo wanayemwita pavochón. Napenda sana uamuzi huo wa kukubali sikukuu na kukataa chakula kisicho na ladha.

Kazi huanza kwenye kinu kidogo cha mti. Chumvi na kitunguu saumu hutangulia, maana chembe za chumvi ndizo zinazousaidia mchi kusaga. Hufuata pilipili manga, oregano kavu, mafuta ya zeituni na siki. Kipimo kinachofaa ni kijiko cha chai cha chumvi na punje mbili za kitunguu saumu kwa kila nusu kilo ya ndege. Siki iwe kidogo, kidogo kweli. Ikizidi, nyama ya juu huwa ya ungaunga.

Sasa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Vidole huingizwa upande wa shingo, kati ya ngozi na nyama, vikisogezwa polepole hadi juu ya mapaja, bila ngozi kuchanika. Rojo hupakwa humo ndani. Kisha ncha ya kisu hutoboa mapaja na kidari, na kila tundu hujazwa. Wavivu hupaka juu ya ngozi tu, na wanapoteza viungo vyao bure: kitunguu saumu hakipenyi mbali ndani ya nyama, na kikibaki nje kinaungua na kuwa kichungu. Chumvi peke yake ndiyo inayosafiri. Kwanza huvuta maji kutoka kwenye nyama, inayeyuka ndani yake, kisha inarudi nayo taratibu na kulegeza protini za misuli, ili motoni zisijikunje na kukamua utomvu wote. Hapo ndipo kidari kinapookolewa.

Safari hiyo haiharakishwi. Ndege wa kilo 6 aliyeganda huhitaji siku tatu hivi kwenye friji kuyeyuka, na nyingine mbili za kulala na viungo. Anayepika Alhamisi huanza Jumamosi iliyotangulia. Usiku wa mwisho aachwe wazi humo humo ndani ya friji, ngozi ikauke. Ngozi yenye maji haigeuki kuwa kavu ya kuvunjika mdomoni, na kwa watu waliolelewa na lechón, ngozi ndiyo inayogombewa mezani.

Oveni yenyewe haina maneno mengi. Kidari kikianza kuwa cha kahawia mapema, kifunikwe kwa foili, mapaja yaendelee. Kipimajoto kichomwe penye nyama nene, mbali na mfupa: Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka 74 kila mahali, na paja likipanda zaidi ni heri. Akitoka, apumzike nusu saa kabla ya kisu, wakati mofongo inatwangwa: ndizi mbichi za kukaanga na kitunguu saumu, upishi wenye asili kwa Waafrika waliopelekwa kisiwani utumwani. Na mifupa isitupwe. Ijumaa inachemshwa kwa mchele na kuwa asopao, wali wa mchuzi mwingi, na kuna nyumba ambamo hiyo ndiyo inayosubiriwa zaidi.